Bwana Salama wa Maua ya Ndani

Mama mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, miguu umeinyoosha juu ya kile kigoda chako, na magoti yamepunguza kelele. Baba mdogo akipiga simu kutoka huko kazini aliko, mpe shikamoo yangu na umwambie nimeuliza kikohozi chake. Kimemwachia kweli, au bado anakohoa kila anapotaka kukwepa swali? Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na nguo zangu ni safi. Ya moyoni ndiyo ninayokuja kuyaeleza hapa.

Najua umekasirika. Ulinikatia simu mara mbili, na nilipojaribu tena nikagundua umenifungia namba kabisa, wewe ambaye mpaka juzi ulikuwa hujui hata kuongeza sauti. Hasira ni mwalimu mzuri. Kabla hujakata ulisema umesikia wanawake walioacha waume kwa kipigo, kwa ulevi, kwa wanawake wa nje, hata mmoja aliyeondoka kwa sababu ya mkoromo, lakini tangu uzaliwe hujasikia mwanamke aliyemwacha mume kwa sababu ya paka. Ukasema nimekuvua nguo mbele ya majirani. Ukasema mkwe wako amekupigia huku analia, kwamba Jumamosi anakuja kwako, atakaa akusaidie kazi za nyumbani mpaka baba mdogo arudi, kisha mtakuja wote watatu kunirudisha kwangu.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haikatwi kama simu. Anayekuletea ni rafiki yangu fundi cherehani, mwanamke mwenzangu, huyu aliyenipa nusu ya kitanda chake nyuma ya duka lake la kushonea. Nimemwambia asitoke mlangoni kwako mpaka ahakikishe umesoma mpaka mwisho. Ni mbishi kuliko wewe, kwa hiyo usijaribu kushindana naye. Mpe kiti tu.

Nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyemwona mume wangu kwanza. Ulikuwa umekuja huku kutibiwa macho, ukataka ua la kuweka sebuleni kwako. Ulilipenda lile la majani mapana yenye madoa meupe, lile lililojaa katika kila benki na kila chumba cha kumsubiria daktari. Kila muuzaji wa mtaa wa maduka ya maua ulipomuuliza kama litamdhuru paka wako alikuambia chukua tu mama, salama kabisa, na mmoja akakuapia kwamba paka wake analilalia. Yeye peke yake alikupokonya chungu mkononi. Akakueleza kwamba paka akiling'ata hilo atatikisa kichwa, atajikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele, mate yatamtiririka mpaka kifuani, atatapika povu la njano na kugomea chakula, lakini hatakufa. Mbwa naye hivyo hivyo, ila anatapika zaidi kwa sababu anameza kabla ya kutafuna. Kisha akakupa lile la kuning'inia, la majani membamba yenye mstari mweupe katikati, akasema hilo paka na mbwa wale wanavyotaka, halina neno.

Ulirudi kwangu umefurahi kama uliyepewa kiwanja. Ulisema mwanamume asiyedanganya hata anapouza, huyo asiachwe akaoe kwingine. Nami nilikwenda kumwona, nikamkuta amechuchumaa anaongea na mbwa wa mteja kwa sauti ya chini kama anamuuliza habari za nyumbani, nikalainika. Hukujiuliza alijuaje yale yote, Mama mdogo. Wala mimi sikujiuliza. Tulikuwa na haraka ya harusi.

Basi nikaolewa, nikahamia vyumba vya juu ya duka. Unavijua. Ulivisifu vina hewa. Kazi yangu ilikuwa kupanda miche kwenye vyungu, kufuta vumbi majani, kupokea wateja, na kufunga maua kwa karatasi ya waridi na kamba ya katani. Kazi ya kufunga niliipenda, maana unanijua, mimi ni mtoto wako, mtoto wa mwanamke anayefua hata kamba ya kuanikia nguo. Kwangu kitu kikifungwa lazima kikae sawa, pembe zionane.

Wateja walimwita Bwana Salama. Walitoka mitaa ya mbali, wakipita maduka mengine ya maua njiani, kuja kumuuliza yeye. Wengine walibeba paka wao kwenye vikapu kana kwamba wanawapeleka kliniki. Naye hakubahatisha. Akisema ua hili litamwasha mbwa midomo, liliwasha. Akisema yale maua meupe yenye umbo la tarumbeta yanaua paka, hata paka akiramba tu unga wake ulioangukia manyoya, lakini mbwa yatamharisha tu, watu walikuwa wanayarudisha mezani kama wameshika kaa la moto. Akiwa hajui, alisema hajui, mteja arudi baada ya muda, na akirudi alipewa jibu. Mimi nilisimama nyuma ya meza nimevimba kichwa. Nilijiona nimeolewa na mwaminifu wa mwisho duniani.

Kulikuwa na hili la nyama pia. Alikuwa ananunua utumbo na mapafu, anachemsha mwenyewe kwenye sufuria nyeusi uani, anawapa paka na mbwa wa mitaani. Majirani walimsifu. Mimi nilimsifu, ingawa harufu ile ilipanda ngazi ikaingia mpaka kwenye mashuka. Kule uani kwa nyuma kulikuwa na stoo yenye kufuli. Aliniambia anaweka humo dawa za wadudu, nisiingie, zitaniumiza kifua. Nilipouliza kwa nini paka niliowazoea hawaonekani tena, alisema paka wa mitaani hana anwani. Nikacheka. Ndiyo, Mama mdogo, nilicheka.

Kitu kimoja tu kilinikera, na ni kidogo, lakini nakitaja kwa sababu wewe utanielewa. Hakuwa ananawa vizuri. Alipitisha vidole kwenye maji kama mtu anayeogopa kuyaamsha, kisha anaketi mezani na kunimegea mkate. Vidole vilikuwa na harufu ya utumbo na ya jani lililopondwa, harufu mbili zisizostahili kukaa pamoja. Nilikula. Nilijiambia ndoa ni kuvumiliana.

Siku niliyoijua stoo ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Yeye alikuwa amekwenda kuchukua udongo. Bomba la uani lilipasuka, maji yakaingia stoo kwa mlango wa mbele na kutoka tena, na yalipotoka yalibeba manyoya, makapi ya majani, na povu la njano lililozunguka taratibu juu ya sakafu yangu niliyokuwa nimeisugua muda huo huo. Nilijua ni matapishi kabla sijainama. Suruali yake ya kazi ilikuwa kwenye beseni langu la kufulia, ufunguo ukiwa mfukoni. Sikufikiria mara mbili. Mwanamke akiona uchafu unatoka chini ya mlango, anafungua mlango.

Hakukuwa na dawa ya wadudu. Kulikuwa na matundu ya waya yaliyopangwa ukutani, na mbele ya kila tundu chungu kimoja cha ua, yale yale ninayoyafuta vumbi dukani, yamepangwa vizuri, ungedhani ni maonyesho. Ndani ya matundu walikuwamo paka na mbwa. Mmoja alikuwa na mate yanayoning'inia kutoka kidevuni mpaka kwenye waya, mazito, hayakatiki. Mwingine alikuwa amelalia haja yake na hakuwa na nguvu ya kusogea. Paka mmoja mweupe alikuwa amekaa anatazama sahani ya maji bila kunywa, shingo imelegea, na mbele yake yalikuwa yale maua ya tarumbeta. Harufu siwezi kuiandika. Iliniingia mdomoni, si puani. Nilihisi ninaitafuna.

Na kwenye meza ya pembeni nikakuta kisu changu. Kile cha mboga, chenye mpini wa bluu, ulichonipa wewe. Kilikuwa juu ya ubao wangu wa kukatia, na juu ya ubao kulikuwa na nyama iliyosagwa imechanganywa na majani yaliyokatwa katwa laini, laini kabisa, jinsi ninavyokata mimi. Alijifunza mkono wangu, Mama mdogo. Kila jioni kisu kile kilirudi jikoni kwangu nami nikakatia nyanya.

Nilitapika pale pale, na matapishi yangu yakaungana na yao yakaenda na maji. Hapo ndipo nilipoona karatasi ya waridi. Ilikuwa pembeni, bunda zima, na kamba ya katani, na kando yake kifurushi kimoja kimeshafungwa, pembe zimeonana, tayari kwa gari la taka. Vifurushi hivyo ninavijua. Alikuwa ananikabidhi mwenyewe niwapelekee watu wa taka mlangoni, akisema ni maua yaliyooza. Wale watu wa taka walikuwa wananitania kwamba hata takataka za kwangu zinapendeza. Nilivibeba kwa mikono yangu miwili, nikivishikilia karibu na kifua visifunguke.

Niliwafungulia wote. Mbwa mmoja wa kahawia alitoka akayumba, akaja kunilalia miguuni. Wengi hawakutoka hata tundu lilipokuwa wazi. Wale waliokuwa bado na pumzi niliwatia kwenye kikapu cha nguo, nikawapeleka kwa daktari wa wanyama aliye mwisho wa mtaa. Alifanya alichoweza, na aliyepona ni yule wa kahawia tu. Nilipomweleza, daktari alisema mambo yote hayo yanajulikana zamani, ua gani lina nini na linamfanya nini mnyama gani, na kwamba mume wangu angepita tu mlangoni pake kuuliza angejibiwa bure, tena na kiti angepewa.

Nilirudi nikamsubiri. Nilitegemea atakana, au atapiga magoti, au hata atanipiga. Nilikuwa nimeshika mwiko. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama matundu matupu kwa masikitiko ya mtu aliyeharibiwa kazi, kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayenieleza jinsi ya kutumia pasi mpya. Alisema wauzaji wenzake wanasema uongo, na wenye vitabu wanasema ni sumu tu bila kusema kiasi gani na kwa muda gani. Yeye hawezi kumwambia mteja jambo asiloliona kwa macho yake. Huo ndio uaminifu wake. Alisema wanyama wale hawana wenyewe, hawana wa kuwalilia, na kwa ajili yao paka na mbwa wenye wenyewe wanalala salama. Nilipomwambia maneno ya daktari alitikisa kichwa, akasema daktari naye amesimuliwa tu. Kisha, usishangae, aliniomba nimsaidie. Alisema macho yangu ni makali kuliko yake, nisingepitwa na kitu.

Nilimwambia siwezi kupumua hewa aliyoitoa yeye. Ndipo alipoona nimekasirika kweli, akaanza kulia, na machozi yake Mama mdogo ni ya kweli, usidhani ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikula yamini kwamba ataacha. Siku iliyofuata alitoa matundu yote akayauza kwa wanunuzi wa vyuma, akapaka stoo chokaa nyeupe, akanunua sabuni ya mikono na kuiweka pale ninapoiona. Hizo ndizo habari alizokupa, na ndiyo maana unaniona mkaidi. Mwanamume amekosa, amekiri, ametubu, mkewe bado anasusa kwa ajili ya paka wasio na jina.

Sasa nikueleze jambo ambalo hulijui, wala fundi halijui mpaka leo anapokuletea, maana bahasha nimeifunga. Nilimsamehe. Sikuondoka siku ile ya stoo. Nilikaa. Nilitupa kisu, nilitupa ubao, nilichemsha kila sufuria, nikasugua mikono yangu mpaka ikachubuka, nikabaki. Nilijiambia kila mtu ana ujinga wake na huyu wake umekwisha. Nilibaki kwa sababu ya kumbukumbu moja, na hiyo ndiyo iliyonishinda kukutamkia kwenye simu. Ulimi ulikataa.

Muda mfupi baada ya harusi, kabla hata zawadi hazijaisha kufunguliwa, aliniambia nipumzike, siku hiyo ataandaa chakula yeye. Alileta wali, samaki, na saladi ya majani iliyokatwa vizuri. Nilikula vijiko viwili vya saladi. Mdomo ukawaka. Si pilipili, ilikuwa kama mtu amenimiminia sindano ulimini. Midomo ilivimba, ulimi ukajaa mdomo mzima, mate yakawa yananitoka siwezi kuyazuia, yakanilowesha gauni jipya mbele ya mwanamume niliyekuwa bado namwonea aibu. Nilitaka kufa kwa fedheha. Yeye hakuona kinyaa. Alinifuta kidevu. Alikaa kando yangu mchana kutwa, amenishika mkono, hakushuka dukani hata wateja walipoita. Alinipa maji akaniuliza kama yanasaidia, nikatikisa kichwa. Akanipa maziwa baridi akaniuliza tena, nikaashiria afadhali. Kila baada ya muda aliniomba nijaribu kutamka jina langu, nilipotoa sauti ya bata alitabasamu na kunipapasa shavu. Alisema mwili wangu unakataa samaki. Nami tangu hapo sijala samaki, hata ulipotupikia nikakataa ukakasirika, nikakuambia daktari amenikataza.

Mama mdogo, mimi niliolewa kwa sababu wewe ulimpenda. Mimi mwenyewe nilimpenda mchana ule. Nilijiambia aliyenifuta mate bila kukunja uso, huyo ni wangu. Niliwasimulia wanawake wenzangu mpaka wakachoka.

Basi wiki kadhaa baada ya stoo kupakwa chokaa, alikuja dukani mama kijana na mtoto anayetambaa. Alilitaka lile lile la majani mapana yenye madoa meupe. Hakuuliza habari za paka wala mbwa, aliuliza habari za mtoto, je akilitafuna. Mume wangu alichuchumaa akamchekea mtoto, kisha akajibu. Alisema litamwasha papo hapo, si baadaye. Midomo itavimba kwanza, halafu ulimi. Mate yatamtoka mengi, asiogope. Maji hayasaidii sana, maziwa baridi ndiyo yanayotuliza. Sauti itabadilika, atakuwa anaongea kama bata, lakini kufikia giza uvimbe utashuka, na kesho yake atazungumza vizuri kabisa, ila atakuwa anaona chakula hakina ladha. Akamshauri achukue ua jingine. Yule mama alimshukuru mpaka akamshika mkono. Mimi nilikuwa nafunga chungu cha mtu. Kamba ilikuwa mkononi, nikawa siwezi kupiga fundo.

Ladha. Hilo la ladha sikuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa yeye, asubuhi iliyofuata, aliponiuliza kwa upendo chai nainywaje.

Wateja walipoondoka nilifunga mlango nikamuuliza. Kama nilivyokuambia, hasemi uongo. Alisema ndiyo. Alisema lilikuwa jani dogo, nusu ya kiganja, na alijua halitaniua kwa sababu paka walikuwa wameshakula mengi kuliko hilo na mimi ni mkubwa kuliko paka. Alisema watu wenye watoto walikuwa wanamuuliza naye alikuwa anaona aibu kuwajibu hajui. Asingeweza kumlisha mtoto wa mtu, yeye si mnyama. Aliniambia nijivunie, kwa sababu yangu watoto wengi wako salama. Kisha akaninyooshea mkono anipapase shavu, pale pale alipopapasa siku ile.

Huo mkono ndio ulioniondoa. Nilihisi kinyaa ambacho sijakihisi hata stooni. Kule nilitapika kikaisha. Hiki hakitoki. Naoga maji ya fundi yanakwisha, natoka bado naona kidole chake kwenye shavu langu, na naikumbuka furaha yangu ya mchana ule, nayo inanitia kichefuchefu kuliko mkono wenyewe. Kila alichonitendea kwa huruma nakigeuza upande wa pili kutazama kama kuna swali limeandikwa nyuma yake. Niliumwa tumbo mwaka jana. Nilipata vipele shingoni. Sijui. Sitaki kumuuliza, kwa sababu atanijibu.

Kwa hiyo sirudi. Usije kunichukua, usimlete baba mdogo kutuamua, usinipangie siku ya kusikilizwa. Ukitaka kuwaambia majirani niliacha mume kwa sababu ya paka, waambie, ni sawa, mimi nilikuwa paka mmojawapo. Nitafanya kazi hapa kwa fundi, nafunga nguo za wateja wake, na mbwa wa kahawia analala mlangoni na kukojoa kwenye vitambaa vilivyobaki. Tunamgombeza wote wawili, hasikii.

Lakini sikukuandikia kwa ajili yangu tu. Siku chache kabla sijaondoka alikuja dukani bwana mmoja anayeishi na mama yake mzee. Alisema mama yake akili imeanza kumtoka, anachuma majani ya maua sebuleni na kuyatia mdomoni, naye anaogopa, je, kwa mtu wa umri ule itakuwaje. Mume wangu alifikiri sana. Akamjibu kwamba ya paka anayajua, ya mbwa anayajua, ya mtoto anaweza kuyakisia kutoka kwa mtu mzima, lakini wazee bado hajawaona, na yeye hasemi asichokiona. Akamwomba arudi baada ya mwezi.

Mwezi haujaisha, Mama mdogo, na Jumamosi anakuja kwako, baba mdogo hayupo, na amejitolea kupika.

Usimfungulie. Akija na ua, libaki nje pamoja naye. Ukiona haya kumfukuza mkwe, fundi atabaki kwako mpaka Jumatatu, ameshaniahidi, na yeye haya hana. Msalimie paka wako. Wasalimie majirani wote, hata wale wanaonisema. Na tafadhali nifungulie namba, nisikie sauti yako jinsi ilivyo.

Ni mimi, mwanao uliyemlea.